Naiti wa Mombasa: mtoto aliyelelewa na waliomuua babake

Kuna stori ya Kizungu ya zamani sana, ukiiondoa majina utadhani imetoka kwa nyanya yako. Mama mmoja mumewe amekufa, na wanawe wakubwa wameuawa vitani. Amebakia na kitinda mimba. Anamchukua, anaingia naye msituni, anakaa huko. Watu wa nyumba yake wote wanapigwa marufuku kutaja mbele ya mtoto neno moja tu: naiti.

Naiti ni nani? Yule jamaa wa farasi na nguo za chuma mnayemwona kwenye filamu. Lakini si askari tu. Ni cheo. Unakipewa, unaapa, unavishwa, na kuanzia siku hiyo wewe ni mtu wa bwana fulani na watu wanakuita kwa heshima.

Sasa kijana huyo, Perceval, anakua hajui lolote. Hata jina lake mwenyewe halijui vizuri. Siku moja msituni anakutana na manaiti wamepita na farasi zao, chuma kinang'aa juani, na yeye anadhani ni malaika. Kwisha habari. Anataka kuwa kama wao. Mamake analia, anamweleza ukweli kuhusu babake na ndugu zake, lakini kijana masikio yashaenda. Anapanda farasi. Akigeuka nyuma anamwona mamake ameanguka karibu na daraja. Haendi kumwinua. Anaondoka.

Aliyeiandika hii ni Mfaransa, Chrétien de Troyes, kwenye miaka ya 1180 hivi, na alikufa kabla hajaimaliza. Mbele huko Perceval anafundishwa vita na adabu na mzee mmoja, na mzee anamwambia: usiwe unasema sana, kuulizauliza ni ushamba. Basi anaingia jumba la mfalme mgonjwa, anaona mkuki unatoka damu, anaona mambo ya ajabu yakipita mbele yake mezani, na ananyamaza tu. Kumbe angeuliza swali moja, mfalme angepona. Hakuuliza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na waliomfanya naiti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinichukulie kama mwalimu. Lakini nilipomaliza kusoma hii kitu kwa simu, kwenye matatu iliyokwama Makupa, kilichonijia kichwani hakikuwa Ufaransa. Nilifikiria Fort Jesus. Manake sisi tulikuwa naye Perceval wetu, na yeye hakuwa wa kutungwa. Alikuwa mtoto wa hapa, akafichwa, akalelewa, akafanywa naiti kabisa kwa kiapo na msalaba. Shuleni tulisomeshwa habari zake kwa mstari mmoja: Yusuf bin Hassan aliasi dhidi ya Wareno mwaka 1631. Nukta. Mwalimu akaendelea na Waarabu wa Oman.

Tuanze na babake, kwa sababu bila babake hii stori haina maana.

Familia hii asili yake ni Malindi. Vasco da Gama alipofika pwani Aprili 1498, Mombasa walimwonyesha uso wa mbuzi, Malindi wakamkaribisha. Kuanzia hapo wafalme wa Malindi wakawa marafiki wa Wareno kwa karibu miaka 100. Urafiki ulilipa. Wareno walipouvunja mji wa Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, walimchukua mfalme wa Malindi, Ahmad, wakamkalisha Mombasa kwenye kiti cha waliowashinda. Mpango ulikuwa hivi: kapteni Mreno akae ngomeni, mfalme akae mjini, na mfalme apate theluthi ya ushuru wa forodha.

Theluthi kwa karatasi. Mnajua vile karatasi huenda.

Ahmad alipokufa akaingia mwanawe Hassan, na ugomvi na makapteni wa ngome ukawa haukatiki. Pesa, biashara ya Pemba, nani mkubwa mjini. Mwaka 1614 mambo yakamzidi Hassan, akaogopa kukamatwa, akavuka kisiwa kuja upande huu wetu wa bara. Alikwenda mpaka Rabai. Wale watu wa bara Wareno waliwaita Wamusungulo, na Hassan alijua ana marafiki kwao. Kutoka Changamwe ukipita Miritini na Mazeras unafika Rabai kabla soda yako haijaisha ubaridi. Kwa miguu usiku, ukiwa mfalme unayekimbia, nadhani ni safari nyingine kabisa.

Kumbe Wareno walishafika mbele yake na hongo. Waliokuwa wamfiche ndio waliomuua. Wakamkata kichwa, na kichwa kikapakiwa melini kupelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno upande huu wote wa dunia.

Hassan aliacha mtoto wa kiume, Yusuf. Alikuwa na miaka 7 hivi. Wareno wakamchukua. Wakampeleka wapi? Goa.

Someni hiyo tena. Kichwa cha baba na mtoto, mji mmoja.

Goa wakati huo ilikuwa mji mkubwa, makanisa kila kona, meli kutoka Lisbon, viungo, farasi, watumwa, kila kitu. Yusuf alikabidhiwa kwa mapadri wa Kiagustino, akalelewa kwenye nyumba yao. Akabatizwa. Jina jipya: Dom Jerónimo Chingulia. Akafunzwa kusoma na kuandika Kireno, sala, adabu za meza, kila kitu mtoto wa bwana Mreno alichotakiwa kujua. Alipopata umri akaingia kwenye meli zao za vita, akajifunza mizinga, akapigana upande wa Ghuba ya Uajemi. Akaoa kwa ndoa ya kanisa.

Hapo ndo naona tofauti kubwa na yule Perceval. Mama wa Perceval alimficha mwanawe ili manaiti wasimpate. Yusuf alifichwa na manaiti wenyewe. Msitu wake ulikuwa nyumba ya waliolipia kifo cha babake. Na miaka 7 si mtoto mchanga. Miaka 7 unajua babako ni nani, unajua kama alilala nyumbani jana. Perceval alikuwa hajui, kwa hivyo alikuwa huru kuuliza ujinga wowote. Huyu alijua, na alitakiwa aishi miaka zaidi ya kumi kama mtu asiyejua. Chakula anachokula, nguo, jina, vyote vinatoka kwa mikono hiyo. Unamuuliza nani? Padri anayekufundisha kusoma?

Na msinielewe vibaya. Sisemi wale mapadri walimchukia. Inawezekana wapo waliompenda kabisa. Hiyo ndiyo inanitisha zaidi.

Tena si yeye peke yake kwenye historia yetu. Mnaoishi Kisauni mnapita Kengeleni kila siku. Ile kengele ni ya Freretown, mji wa watumwa walioachwa huru ambao wamishenari wa Kiingereza waliuanzisha miaka ya 1870. Na baadhi ya walioletwa kuuongoza walikuwa Waafrika waliookolewa wakiwa watoto kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa na wamishenari India, upande wa Nashik. Pwani hii imekuwa ikipeleka watoto India na kurudishiwa watu wazima wenye majina mengine kwa muda mrefu. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Turudi Goa. Mwaka 1626 Wareno waliona kijana ameiva. Wakamtambua kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Na wakamfanya naiti, tena wa shirika kubwa kuliko yote ya Ureno: Shirika la Kristo.

Hili shirika si kilabu cha mtaani. Lilianzishwa Ureno mwaka 1319 baada ya Papa kulivunja lile la Watempla, na likarithi mali zao kule Ureno. Ule msalaba mwekundu mnaouchorewa kwenye matanga ya meli za Vasco da Gama ni msalaba wake. Kwa hivyo fikirieni: msalaba uliokuja na zile meli, sasa uko kifuani mwa mtoto wa Hassan. Kila kitu Perceval alichokitaka alipowaona wale malaika wa chuma, Yusuf alikipata. Cheo, vazi, upanga, ufalme juu yake. Kisha akarudishwa nyumbani.

Na nyumbani hakuna aliyemtaka.

Waislamu wa mji wanamwona Mreno. Jina la Kireno, mke wa kanisani, msalaba. Wareno nao wanamwona mtu wa hapa aliyevaa nguo nzuri. Cheo cha naiti kilikuwa kikubwa Goa. Kwenye lango la Fort Jesus aliyekuwa mkubwa ni kapteni. Kapteni wa wakati huo aliitwa Pedro Leitão de Gamboa, na hawakupatana. Hakuna ajabu. Babake pia hakupatana na kapteni, na kiti kilikuwa kilekile na theluthi ileile.

Halafu ikaja habari ya kaburi. Yusuf alikuwa akienda usiku kwenye kaburi la babake na kuomba dua, kwa namna ya Kiislamu. Mtu akamwona. Huwa kuna mtu tu. Habari zikafika ngomeni, na kapteni akapanga amkamate ampeleke Goa akahukumiwe na mahakama ya kanisa. Mtu aliyebatizwa akionekana amerudi Uislamu, ile mahakama haikuwa na mchezo.

Kama mfalme wa stori ya Perceval alikuwa anasubiri swali moja kwa miaka, mimi naona swali la Yusuf ndilo hilo alilokuwa analiuliza pale kaburini usiku. Ila yeye hakuponya mtu.

Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake. Mfalme anaingia, nani atamzuia? Akamuua kapteni kwa mkono wake mwenyewe. Watu wake wakamaliza waliokuwa ndani. Wengine wakashuka mjini, nyumba za Wareno zikawashwa moto. Waliosalimika wakakimbilia kwenye nyumba ya mapadri wa Kiagustino, shirika lilelile lililomlea Goa. Walikaa humo siku kadhaa wakisubiri. Kisha wanaume wakatolewa, wakauawa kwa mishale. Wanawake na watoto wakapelekwa majini, wakafa huko.

Wareno waliokufa walikuwa kama 150. Sehemu kubwa kabisa ya hiyo hesabu ni wanawake na watoto. Na hao ni Wareno tu. Walikuwepo pia Waafrika Wakristo, watu wa hapa, walioambiwa waache dini yao wakakataa. Kanisa Katoliki la Mombasa mpaka leo linawakumbuka kama mashahidi wa 1631.

Hapa ndo watu hugawanyika, na ndo sababu hasa ya mimi kuandika.

Kuna klipu zinazunguka zinamfanya Yusuf kuwa simba wa pwani, mpigania uhuru wa kwanza, muziki wa ngoma nyuma yake, na hazitaji mtoto hata mmoja aliyezama. Na kuna upande mwingine unamfanya msaliti aliyekula chakula cha watu na kuwageuka, na haumtaji Hassan kabisa, wala Rabai, wala kichwa kwenye meli. Pande zote mbili zimekata stori mahali panapowafaa. Na mnajua mji huu: ukikata hii stori vibaya, kesho yake watu wanaangaliana kwa dini, majirani waliokopeshana jiko jana.

Mimi msimamo wangu ni huu na sibadilishi. Aliyofanyiwa Yusuf ni unyama. Alichowafanyia watoto wa Wareno ni unyama. Cha kwanza hakifuti cha pili. Wale watoto wengi wao hawakuwa wamezaliwa Hassan alipouawa. Mdogo wa miaka 7 akipakiwa chomboni mwaka 1631 hana tofauti na mdogo wa miaka 7 aliyepakiwa melini mwaka 1614. Tena kama kuna mtu mmoja pwani nzima aliyejua hasa maana ya hilo, ni yeye.

Najua kuna wataosema, sasa angefanya nini, angekamatwa. Sawa. Kapteni alikuwa anakuja kumchukua, pale napaelewa. Kupigana na ngome napaelewa. Siku zile zilizopita kati ya ngome na ile nyumba ya mapadri ndizo zisizonielea. Moto wa hasira unachukua usiku mmoja. Siku kadhaa ni kuamua.

Na tukiwa tunaongea ukweli, huku kwetu bara tunawajua vijana wa aina hii, bila ufalme. Huku Kisauni mtu anakua baba hayupo, au baba yupo lakini hakuna anayesema kilichompata. Anatokea mtu anampa nguo, anampa jina jipya, anampa chombo mkononi na kumwambia kuanzia leo wewe ni wetu. Panga badala ya upanga. Mnakumbuka wenyewe jioni ambazo watu walikuwa wanafunga maduka mapema. Wale wanaotoa majina mapya huwa wanatafuta mtoto mwenye swali ambalo nyumbani kwao hakuna aliyelijibu. Goa ya 1614 ilijua hilo vizuri sana.

Haya, tumalizie safari yake. Wareno wa Goa hawakukubali. Mwanzoni mwa 1632 walileta kikosi kikubwa cha meli kuizingira Mombasa, na Yusuf akawashinda. Kumbukeni nani alimfundisha mizinga. Walikaa wiki kadhaa, wakachoka, wakaondoka. Hiyo ndiyo sehemu ya simba, na ni kweli, sijaipunguza.

Lakini Mei mwaka huohuo, Yusuf mwenyewe akaiacha ngome. Akabomoa alichoweza, akapakia alichoweza, akaondoka kwa meli. Wareno wakarudi Agosti wakakuta kitu wazi. Ufalme wake wa huru haukufika hata mwaka mmoja. Baada ya hapo akawa haramia, kutoka pwani ya Arabuni mpaka Komoro na Madagaska, akiwinda meli za waliomlea. Mwaka 1638 akafa upande wa Jeddah. Alikuwa na miaka 31 hivi. Wakati anaingia ngomeni na watu wake alikuwa na 24, na mimi nina marafiki wa 24 bado wanaomba mama nauli ya feri, ingawa feri ni bure.

Ukoo wake kwenye kiti cha Mombasa uliishia kwake. Wareno hawakuweka mfalme mwingine pale.

Sasa kama mna siku moja na pesa ya kiingilio, nendeni Fort Jesus, mkifika langoni msikimbilie kupiga picha za baharini. Inueni macho juu ya mlango. Kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Liliwekwa na kapteni aliyeijenga upya ngome baada ya Yusuf, Francisco de Seixas de Cabreira. Kwenye hilo jiwe anajisifu kama mtu anayeandika wasifu wa kutafuta kazi. Anasema ana miaka 27. Anasema amewarudisha watu wa pwani hii chini ya mfalme wa Ureno baada ya kuasi na mfalme wao dhalimu. Anaorodhesha aliowaadhibu: Pate, Siyu, Pemba ambako aliwaua wakubwa wa mji. Wamusungulo nao wamo, walewale waliopewa hongo ya Hassan. Utumishi wao wa 1614 haukuwasaidia kitu.

Kisha anaorodhesha zawadi alizopewa kwa kazi zake. Pesa ya kila mwaka, ugavana wa mbele, cheo kwenye nyumba ya mfalme. Na vazi la Shirika la Kristo.

Jina la Yusuf halipo kwenye jiwe. Wala lile la Jerónimo.